Kombe la Mlafi

Juzi mjukuu wangu aliingia uani na betri ya boti yake, akaitua karibu na jiko langu bila hata kuniuliza, akaanza kufungua vifuniko vyake kimoja kimoja. Harufu ikapanda. Ni ile harufu iliyo baina ya siki na kiberiti kilichowashwa sasa hivi, inayokukwaruza koo kabla hujajua imetoka wapi. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ikasita juu ya ungo, nikajikuta nacheka peke yangu, na nusu ya mchele ikanimwagikia mapajani.

Kijana akaniangalia kwa wasiwasi, akidhani labda bibi yake ameshaanza kupotea. Kisha akachota maji ya mfereji kwa kopo ili aitie ile betri. Nikamwambia aweke kopo chini mara moja. Akacheka, akaniuliza mtu kama mimi anajua nini habari za betri. Mie! Nilimfukuza akatafute maji ya haki. Lakini nyinyi wenzangu wa rika langu, mliobakiwa na meno ya kuhesabu kama mimi, nyinyi nitawaeleza.

Siku hizo boti za mashine hapa kisiwani kwetu Amu zilikuwa chache mno, na moja ilikuwa ya Bwana Nasoro, tajiri wa boriti. Baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wake. Baba alianza maisha kama seremala, akaenda Mombasa akakaa miaka miwili kwa fundi mmoja wa Kihindi, akarudi na ujuzi wa mashine na vikoi vilivyotoboka. Vilitobolewa na asidi ya betri. Tone moja likiruka, leo huoni kitu, ukifua kesho unapata tundu. Mamangu alikuwa akivitia viraka huku akinung'unika kwamba ameolewa na mtu anayeliwa na panya wasioonekana.

Mashine ya boti ile haikuweza kuwaka bila cheche, na cheche zilitoka kwenye betri. Betri zenyewe hazikuwa kama hizi nyeusi za siku hizi, zilizofungwa usione ndani. Ilikuwa mitungi ya kioo, minane, minne ndani ya sanduku la mti upande wa kushoto wa boti na minne upande wa kulia. Ukichungulia uliona vibamba vya risasi vimesimama ndani ya maji makali, na vitone vya hewa vikipanda katikati yake. Minne ya kulia baba aliiita wazee, kwa sababu ilikuwa imechoka na haikuweza kuifikisha boti mbali zaidi ya Shela na kurudi. Minne ya kushoto ndiyo iliyofanya kazi. Na katika hiyo minne mmoja ulikuwa ukipungua maji kuliko mingine yote, na huo baba aliupa jina. Alimwita Mlafi.

Sasa nyinyi niambieni, mtoto wa miaka minane akimsikia babake anasema Mlafi yeo kanywa sana, Mlafi kashiba, Mlafi ana njaa, atafikiri nini? Mimi nilijua kwa yakini kwamba mle ndani mna viumbe. Wala sikuogopa. Baba alikuwa na kipimo chake, kijiti cha kioo chenye tumbo, akikitumbukiza ndani ya mtungi kinaelea. Kikielea juu, mzima. Kikizama, hajiwezi. Nilikuwa nikisimama kando nikishusha pumzi kila kinapoelea.

Na mimi nilikuwa na kazi. Sikuwa mtazamaji mie. Maji yaliyopungua mitungini lazima yarudishwe, na baba alikubali maji ya aina moja tu, ya mvua, tena mvua ambayo haijagusa kitu. Si ya darini, kwa sababu dari zetu ni za chokaa na chokaa ingeshuka nayo. Si ya kopo la bati. Masika tulitandaza bafta nyeupe juu ya miti minne, jiwe katikati ili ibonyee, na chini yake bakuli la kauri la mamangu. Mimi ndiye niliyekaa na lile bakuli, nikalijaza na kulimimina katika chupa, nikaziziba kwa vizibo na kuzipanga chini ya kitanda. Nilikuwa na kiburi nazo ajabu. Watoto wenzangu walikuwa na watoto wa bandia, mimi nilikuwa na chupa kumi na moja.

Kaskazi ikaingia, mvua hakuna, chupa zikaisha moja moja mpaka ikabaki moja. Siku hiyo baba aliniagiza nimpelekee. Wangeondoka asubuhi ya pili kwenda Mkokoni, na Mlafi alitaka kunyweshwa. Ningeibeba mkononi kama mtu mwenye akili zake, yasingetokea yaliyotokea. Lakini niliwaona wasichana wawili wakubwa wakipita na mitungi vichwani, mikono imening'inia, shingo zimenyooka, nami nikaitia chupa kichwani. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu chupa ikateleza, nikaidaka kwa tumbo, isivunjike. Kizibo ndicho kilichoruka. Maji yote yakaingia kifuani mwangu na mengine mchangani.

Nilisimama katika kile kichochoro na kanzu imenigandama, nikafikiri. Na hapa ndipo elimu iliponiponza. Chuoni kwa Mwalimu wetu wa Kurani tulikuwa tumesomeshwa maji saba yanayofaa kutawadhia, na hakuna aliyeyajua kama mimi. Ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji, na ya mvua ya mawe. Theluji sikuijua, nilidhani ni kijiji upande wa Kiunga. Lakini kisima nilikijua, tena kilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipo, na Mwalimu alikitaja katika orodha moja na mvua, hakukitenga. Nikaona mambo yamekwisha. Nikachota, nikajaza chupa mpaka shingoni, nikapangusa nje kwa upindo wa kanzu, nikampelekea baba. Aliinua chupa juani akaiona inang'aa. Akaniambia, "Ahsante, mama." Mlafi akainywa yote.

Boti iliondoka alfajiri, ikarudi baada ya adhuhuri ikipigwa makasia. Hawakufika hata nusu ya ndia. Mashine ilikohoa mara tatu, ikanyamaza, baba akahamia kwa wazee wa kulia, nao wakaitikia kidogo kisha wakalala. Bwana Nasoro alikuwa ndani ya boti hiyo, na kilemba chake, na wageni wake, katikati ya maji bila kivuli.

Jioni alikuja kwetu mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mamangu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema hii ni mara ya pili mwaka huu. Alisema ana binti yake Kizingitini aliyejifungua, amemaliza arubaini, na baada ya siku nne anataka kwenda kumleta yeye na mtoto. Boti ikiwaka ikaenda na kurudi, alhamdulillahi. Ikikataa, ataandika barua Mombasa aletewe fundi mwingine. Baba akajibu kwamba amesikia. Mgeni alipotoka, mamangu akamwuliza watakula nini. Baba akasema kazi za mashine ziko Mombasa, atakwenda huko, atatuletea kitu kila merikebu ikija. Nilimwona mamangu akiushika ukingo wa pazia na kuukunja, na kuukunjua, na kuukunja.

Nilikuwa nimeshawahi kukaa miaka miwili bila baba. Nilikuwa mdogo sana, lakini nilikumbuka kwamba aliporudi nilimkimbia nikidhani ni mgeni. Usiku ule nililala nimekumbatia chupa tupu. Sikuwaza kwamba ni maji. Maji yalikuwa katika orodha. Nilichowaza ni kwamba Mlafi ameugua, na kwamba mtu akiugua kwetu hupelekewa kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa ili anywe.

Asubuhi nilifika chuoni kabla ya wenzangu, nikambusu Mwalimu mkono, nikamwambia nataka kombe la mgonjwa. Mwalimu alikuwa mtu mpole mwenye macho dhaifu, na kuandika kombe ilikuwa kazi aliyoipenda. Akatoa sahani nyeupe, akakoroga zafarani, akachonga kalamu, akaniuliza ni nani mgonjwa.

Nikasema ni mmoja wa kazini kwa baba. Akauliza jina. Nikasema anaitwa Mlafi. Akatabasamu, akasema hilo la utani si neno, bali la mamake ndilo muhimu. Nikamjibu kweli tupu, kwamba mamake simjui, kwani aliletwa na meli kutoka mbali.

"Maskini, mgeni," akasema Mwalimu. "Asiyejulikana mamake twamwita mwana wa Hawa. Yuwala?"

"Hali kitu, Mwalimu. Mai tu."

"Ana homa?"

"Ukimshika ni moto."

"Na mwili?"

"Umeota weupe. Na ndani mwatokota, na harufu yake yafunga koo."

Mwalimu akaitua kalamu, akaniangalia, akaishika tena na kuandika haraka sahani nzima mpaka ukingoni. Akaiosha kwa marashi ya mawaridi, yale ya mamangu, kwa sababu mamangu alizaliwa Pate na alikuwa akiyatengeneza mwenyewe na kumpelekea Mwalimu kila mwezi. Akayatia katika chupa yangu, akaniagiza anyweshwe mafunda matatu na kila funda kwa Bismillahi.

Adhuhuri, baba alipokwenda kusali, nilishuka ngazi za gati mpaka botini. Nikafunua sanduku la kushoto. Mlafi alikuwa anatia huruma, vibamba vyake vimeingiwa na vumbi jeupe. Nikasema Bismillahi, nikatia. Nikasema tena, nikatia. Nikasema tena, nikamaliza chupa. Rangi ya zafarani ikashuka katikati ya vibamba, nzuri kabisa, na harufu ya mawaridi ikapanda juu ya ile ya asidi. Nikamfunika, nikarudi nyumbani nikiwa nimetua mzigo.

Jioni ya siku hiyo, kabla ya magharibi, mambo mawili yalitokea pamoja. Bi Khadija, jirani yetu, alibisha hodi na bakuli la uji wa mtama, akampa mamangu pole ya mgonjwa. Mamangu akauliza mgonjwa gani. Bi Khadija akasema basi yule mgeni, mwenzake mumeo, ambaye Mwalimu amemwombea dua msikitini baada ya alasiri, na muyi mzima, mtaa kwa mtaa, wasema haponi. Wakawa wanatazamana, na uji umesimama baina yao, ndipo baba akaingia. Alikuwa ameshika kile kipimo chake cha kioo. Alikinusa. Akaninyoshea na mimi nikinuse.

"Nani amemtia Mlafi marashi?"

"Ni mimi, baba," nikasema. "Ni kombe. Nataka apone usende Mombasa."

Baba alikishusha kile kipimo. Akamgeukia Bi Khadija, akautazama uji, akanitazama mimi. Nikaona jambo linamwingia polepole. "Kwani yule mgeni," akasema, "yule mwana wa Hawa asiyekula, tuliyemwombea yeo baada ya alasiri..." Yeye mwenyewe alikuwa safu ya kwanza, ameinua mikono, na kila Mwalimu alipomtaja mgonjwa baba alisema amina kwa sauti, akimhurumia mtu wa watu.

Bi Khadija alianza kucheka kabla yake. Lakini baba hakucheka bado. Alichutama mbele yangu, akaniuliza kwa nini nilimpa Mlafi dawa, nilijuaje kwamba ni yeye anayeumwa wala si wenzake. Ndipo machozi yakaja. Nikamweleza habari ya chupa na kichwa na kisima, yote, nikilia mpaka kwikwi.

"Nalikwambia mai ya mvua, mama."

"Mwalimu amesema yako saba, baba. Ya kisima ni ya nne."

Wallahi, sijapata kumwona mtu akicheka vile. Alikaa chini kwenye mkeka na kipimo chake, akacheka bila sauti, mabega yakitetemeka, akajipangusa macho kwa kikoi chenye matundu. Mamangu naye alilazimika kuuweka uji chini. Alipopata pumzi baba alinivuta akanipakata.

"Mwalimu amesema kweli," akaniambia. "Mai ya kisima yamtosha binadamu kusimama mbele ya Mola wake. Lakini yana munyu, yana chumvi, na Mlafi munyu hauwezi. Hilo hukulijua, si kosa lako. Kosa ni kunipa chupa imejaa, mimi nikaamini."

Maneno hayo aliyasema kwa upole, nami yaliniuma kuliko fimbo. Mpaka leo mtu akinikabidhi chombo kilichofunikwa hufunua kwanza.

Kicheko kikaisha, na Kizingitini ilikuwa pale pale. Mlafi ilibidi amwagwe, asafishwe, ajazwe upya. Asidi kali baba alikuwa nayo, dumu moja la kioo lililosukiwa ukili lisivunjike. Maji ya kuichanganya ndiyo yaliyokosekana, na mbingu zilikuwa kavu. Baba akakaa akivinusa vidole vyake. Akavinusa tena. Kisha akamwuliza mamangu, taratibu, marashi haya wayatengeza vipi?

Mamangu akamjibu kana kwamba ameulizwa wali hupikwaje. Unatia maji ya kisima na mawaridi chunguni, unaweka bakuli katikati, unafunika kwa mfuniko uliopinduliwa, unatia maji ya baridi juu yake. Mvuke unapanda, unagonga ubaridi, unadondokea bakulini. Baba akamwuliza, na munyu wa kisima wenda wapi? Mamangu akasema munyu haupandi, wabaki chini ya chungu, yeye huukwangua kila siku. Baba akamwuliza kama yaweza kufanywa bila mawaridi. Mamangu akamtazama mumewe wa miaka kumi na miwili, akamwambia kwamba angemwuliza tangu masika, wasingetandaza shuka darini wakachekwa na watu.

Kesho yake tangu alfajiri jiko halikuzimwa. Mimi nilipewa kazi ya kubadilisha maji ya juu yakipata moto, na sikuinuka pale hata kwenda kucheza. Tone, tone, tone. Kufikia adhuhuri bakuli mbili zilikuwa zimejaa. Baba akayaonja kwa ncha ya ulimi, akanipa na mimi nionje. Hayakuwa na ladha yoyote, yalikuwa kama kunywa hewa. Mlafi akamwagwa nje katika shimo la chokaa, kukatoka povu kubwa la manjano lenye harufu ya harusi. Akaoshwa mara tano. Baba akatia maji kwanza, kisha asidi kidogo kidogo, kamwe si kinyume chake, kwani ukitia maji juu ya asidi yanakurukia usoni. Halafu akabebwa pamoja na wenzake mpaka ghalani kwa Bwana Nasoro, kwenye mashine yake ya kujazia betri nguvu, akakaa huko siku moja na nusu. Baba alilala ghalani. Sisi hatukujua chochote mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

Nilichukuliwa na mimi, kwa sababu kutakuwa na mtoto mchanga na binti wa tajiri atataka mtu wa kumshikia vitu. Ndivyo baba alivyomwambia Bwana Nasoro. Alinikalisha juu ya sanduku la kushoto. Akazungusha hendeli mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya, na Bwana Nasoro akaanza kurekebisha kilemba. Mara ya tatu mashine ikashika, na boti nzima ikatetemeka chini yangu mpaka meno yangu yakagongana. Njia nzima niliweka kiganja juu ya mti wa lile sanduku. Tulipopita mkondo wa Mkanda mashine ikakohoa, mara moja tu, baba akageuka ghafla akanitazama mimi, wala si mashine. Nikainamisha kichwa nikasoma nilichokijua. Haikukohoa tena. Tulifika Kizingitini, tukampakia binti na mtoto na mizigo ya kuku na samli, tukarudi kabla ya alasiri, na mtoto alilala safari nzima.

Bwana Nasoro alishuka wa mwisho. Nilisubiri aseme neno kuhusu Mombasa. Akasimama kwenye ngazi, akakung'uta kanzu, akamwambia baba, "Keshokutwa twenda Mkokoni." Akaenda zake. Baba akaketi juu ya sanduku kando yangu, kwa muda, mikono juu ya magoti.

Mwalimu alitupata gatini. Aliniuliza mgonjwa wangu yu hali gani. Nikamwambia amepona, Mwalimu, yeo kaenda Kizingitini na kurudi. Akashukuru Mungu kwa dhati, akasema kombe lile aliliandika kwa nia maalumu. Baba alikuwa nyuma yangu akiangalia upande wa bahari, na hakumfumbulia. Wala mimi sikumfumbulia mpaka anakufa, Mungu amrehemu.

Baba hakwenda Mombasa. Alizeeka hapa hapa, na mitungi ya kioo ikaisha, zikaja betri nyeusi, naye akaziita wageni mpaka mwisho. Mwaka alioanguka kitandani alikuwa amekataa chakula wiki nzima, midomo imekauka, hasemi. Nilikwenda kwa mwana wa Mwalimu, aliyerithi kalamu, akaniandikia kombe, nikalileta nyumbani na kumwinua kichwa. Harufu ya mawaridi ikamfikia. Akafumbua jicho moja.

"Mai ya wapi?" akauliza.

"Ya chungu cha mama," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, kuhakikisha. Kisha akafungua mdomo, akanywa yote.